Namba sita mwenye homrani 66

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu hapa Dar es Salaam na huu ni mwaka wangu wa pili kucheza besiboli shuleni. Kocha wetu ni Mjapani wa kujitolea. Juzi amenitoa besi ya kwanza akanipeleka shotistopu, pale kati ya besi ya pili na ya tatu. Nilipolalamika kwamba mimi mfupi na mkono wangu hauna nguvu, akaniambia nikasome habari za Yoshio Yoshida wa Hanshin Tigers. Nimesoma. Miaka 17 ya ligi kuu, homrani 66 tu, ile mipigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja. Sadaharu Oh anazo 868! Wastani wa kupiga ni .267 (mipigo salama 267 katika kila 1,000), wa kawaida kabisa. Halafu naambiwa jezi yake namba 23 imestaafishwa na yumo kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Naomba unijibu bila kunionea huruma: huyu mzee alikuwa na nini? Au kocha ananipoza tu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kocha wako hakupozi. Angetaka kukupoza angekuacha hapohapo besi ya kwanza upokee mipira uliyorushiwa na wenzako. Amekupeleka penye kazi nyingi kuliko mahali pengine popote pa kusimama uwanjani, ukimwondoa mrushaji na mdakaji, kisha akakupa jina la mtu aliyeifanya kazi hiyo vizuri sana. Hiyo si huruma.

Takwimu ulizosoma ni za kweli. Ila umezisoma kama mshabiki wa soka anayemhesabia kiungo mkabaji mabao. Chukua ile karatasi mnayoandikia mechi. Kila nafasi ina namba: mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, shotistopu 6. Namba sita! Na sisi huku kwenye soka tukisema fulani anacheza namba sita kila mtu anaelewa: yule anayekata mashambulizi, anayetembea na mapengo ya wenzake, asiyetajwa redioni mpaka akosee. Muulize kaka yako habari za Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa. Real Madrid walipomwachia aende Chelsea mwaka 2003, hakuna aliyelilia mabao yake, maana hakuwa nayo. Walikuja kutwaa ubingwa wa Hispania tena 2007.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, maana usipoielewa kazi hutamwelewa Yoshida.

Kutoka anaposimama mpigaji hadi besi ya kwanza ni mita 27.4. Mkimbiaji mzuri anazimaliza kwa sekunde nne na kitu; mpira ukimtangulia hapo, ametolewa. Mpira ukipigwa chini kuelekea kwa shotistopu, kufika kwako unakula karibu sekunde mbili, wakati mwingine zaidi kama umepigwa kinyonge. Wewe umesimama mbali. Toka hapo hadi besi ya kwanza ni kama mita 38. Ukirusha kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa, mpira unakuwa hewani kwa sekunde moja na ushee. Jumlisha. Kinachobaki mikononi mwako ni kama sekunde moja: kuinama, kushika, kuutoa kwenye glavu, kupanga miguu, kuachia.

Hapo ndipo lalamiko lako kuhusu mkono linapokufa. Tuseme umekwenda kuinua vyuma miezi sita, kasi ikapanda kutoka kilomita 120 hadi 130. Piga hesabu mwenyewe: kwenye mita 38 umeokoa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwenzako akiujua mpira wake, akautoa kwenye glavu bila kuupapasa, anaokoa mara tatu ya hiyo, na hajainua chuma chochote. Shotistopu wengi hufa kwenye ule upapasaji: mpira umeingia kwenye glavu, vidole vinautafuta gizani, mkimbiaji huyo anapita.

Yoshida hakupapasa. Sifa waliyompa Wajapani ni kwamba kwake kushika na kurusha kilikuwa kitendo kimoja. Ukitazama mikanda ya zamani nyeusi na nyeupe unaona walichomaanisha, ila itazame polepole. Hasubiri mpira umfikie; anaufuata, magoti yamekunjwa, makalio chini, na tayari bega la kushoto limeanza kugeukia besi ya kwanza. Glavu iko wazi na hata haifungi vizuri. Mpira unagusa ngozi na kudundia kwenye mkono wa kulia uliokuwa umekaa pembeni unausubiri. Glavu kwake haikuwa mfuko wa kutunzia kitu. Ilikuwa sinia: kinapita tu kwenda kwingine. Unarudisha mkanda nyuma kutafuta ni wakati gani hasa aliushika, na huupati.

Alizaliwa Kyoto mwaka 1933. Alisoma shule ya sekondari ya Yamashiro, na hapa niweke neno kwa wapenda soka: shule hiyohiyo baadaye ilimtoa Kunishige Kamamoto, mfungaji bora wa soka ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Yoshida akaingia chuo kikuu cha Ritsumeikan, hakumaliza, na mwaka 1953 akasaini Osaka Tigers akiwa na miaka 19. Timu hiyo ndiyo Hanshin Tigers ya leo. Jina lilibadilishwa mwaka 1961, na Hanshin ni kampuni ya reli inayounganisha Osaka na Kobe.

Aliikuta timu ina kidonda. Besiboli ya kulipwa ya Japani iligawanyika kuwa ligi mbili mwaka 1950, na katika mgawanyiko huo timu mpya ya Mainichi Orions iliwachota Tigers wachezaji wao wengi wazuri. Aliyebaki na kubeba jina la klabu alikuwa Fumio Fujimura wa besi ya tatu, mtu wa maonyesho, mwenye gongo refu (la kupigia, si lile la kunywa) ambalo watu waliliita mti wa kuanikia nguo. Mwaka 1949 alipiga homrani 46 kwa gongo hilo. Kwa hiyo mashabiki wa Osaka walikuwa wamezoea ngurumo. Mara anatokea kijana wa Kyoto ambaye urefu wake haukufika sentimita 170, kilo zake za kubebwa na upepo.

Na msimu wa kwanza alifanya makosa 38.

Soma tena hapo. Thelathini na nane. Nina hakika kocha wako anaijua namba hiyo, na ninashuku ndiyo maana amekupa jina hili na si la mwingine. Kijana wa miaka 19 anaangusha mipira mbele ya umati wa Koshien, uwanja ambao mashabiki wake hawajawahi kusifika kwa upole, na bado meneja Kenjiro Matsuki anampanga kesho, na keshokutwa, na mechi inayofuata. Matsuki alikuwa ameona kitu ambacho karatasi haioneshi vizuri: sehemu ya makosa hayo yalikuwa kwenye mipira ambayo shotistopu mwingine asingeigusa kabisa. Mpira usioufikia unaandikwa kwamba mpigaji amepiga vizuri. Unaoufikia kwa kuruka ukakuponyoka unaandikwa kosa lako. Mvivu wa miguu anaweza kumaliza msimu na rekodi safi kama kanzu ya Idi.

Sisemi makosa yote 38 yalikuwa ya heshima. Mengine yalikuwa makosa tu. Lakini kuanzia 1955 waandishi walianza kumchagua kwenye Tisa Bora wa Ligi ya Central, kikosi cha heshima cha mwisho wa msimu, na mpaka anaacha kucheza alikuwa amechaguliwa mara 9.

Ndipo lilipokuja jina la Ushiwakamaru. Hilo ni jina la utotoni la Minamoto no Yoshitsune, shujaa wa karne ya 12, na kisa chake anakijua kila mtoto wa Japani. Mtawa jitu aitwaye Benkei amesimama kwenye daraja huko Kyoto akinyang'anya watu panga. Anazo 999, anataka moja itimie elfu. Anakuja mtoto mwembamba anapuliza filimbi. Benkei anamrukia, mtoto hayupo. Yuko juu ya ukingo wa daraja. Anageuka, hayupo tena. Jitu linachoka na kusalimu amri. Sisi tungemwita Sungura, ingawa Sungura wetu anashinda kwa hila na huyu anashinda kwa miguu. Yoshida mzaliwa wa Kyoto, mfupi, anarukaruka kwenye udongo wa Koshien: jina lilimkaa kama lilishonwa kwa kipimo chake.

Huo udongo nao una neno lake. Koshien, uliofunguliwa mwaka 1924 katika mji wa Nishinomiya, ndio uwanja ambao jina lake mmeliazima kwenye mashindano yenu ya Tanzania Koshien. Eneo la ndani lote ni udongo, mweusi, uliochanganywa na mchanga. Nyasi zinaanzia nje huko. Vijana wa sekondari wakitolewa kwenye mashindano ya kiangazi huchota udongo ule wakalie nao nyumbani. Kwa shotistopu udongo maana yake ni mdundo. Asubuhi umemwagiwa maji na kusawazishwa, unadunda kwa adabu. Kufika iningi (zamu) ya saba kati ya tisa umechimbwa na njumu za watu kumi na nane, na mpira uliokuwa unakujia tumboni unaamua kukujia shingoni. Anayengoja nyuma ausome mdundo anapigwa kidevu. Yoshida alijifunza kazi yake hapo, kwa hiyo alijifunza kwenda mbele: kuuwahi mpira ungali chini au kuukuta juu ya mdundo wake, si katikati. Nyinyi mnaochezea viwanja vyetu vyenye kokoto mnaujua ukweli huu kuliko vijana wa Tokyo wa nyasi bandia.

Katika miaka ya mwisho ya 1950 upande wake wa kulia, besi ya tatu, alikuwapo Hideshi Miyake. Upande wa kushoto, besi ya pili, Minoru Kamata. Ikawa watu wanafika uwanjani mapema, kabla ya mechi, kuangalia mazoezi. Wajapani wanaliita noku: kocha anasimama na gongo anawapigia mipira ya chini mmoja baada ya mwingine, nao wanashika na kurusha, wanashika na kurusha, bila mtu kusema neno. Hakuna pointi inayofungwa, hakuna mshindi. Watu walilipa kiingilio wakaona pesa yao imerudi kabla mwamuzi hajaanzisha mechi. Nimewahi kukaa Koshien mapema namna hiyo, miaka mingi baada yao, kizazi kingine kabisa uwanjani, na jirani yangu mzee mwenye kopo la chai alitazama noku yote akatikisa kichwa: hawa wa leo, akasema, wanausikiliza mpira ukilia kwenye glavu; wale watatu haukuwahi kulia.

Mwaka 1962 Miyake alipigwa na mpira jichoni wakati wa kupasha viungo, na hakurudi kuwa yuleyule. Ule utatu ukaishia hapo.

Kwenye kupiga nitapita haraka, maana namba umeshaziona, ila umeziruka zile zenye maana. Alimaliza na mipigo salama (ya kumfikisha besi) 1,864 katika mechi 2,007, na mwaka 1955 hakuna aliyepiga mipigo mingi kuliko yeye kwenye ligi yake: 147. Aliiba besi 350, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kungoja mwenzake apige. Mwaka 1954 aliiba 51 akaongoza ligi, 1956 akaongoza tena kwa 50. Kumtoa kwa straiki tatu, yaani akose mara tatu, ilikuwa shughuli. Mwaka 1964 alikwenda kupiga mara 179 mfululizo bila kutolewa namna hiyo. Msimu huo alikuwa na miaka 31 na wastani wake ulikuwa .318. Ukitaka kujua dunia ilivyo ndogo, aliyeipita ile 179 ni Taira Fujita, kwa 208, mwaka 1978. Huyu Fujita ndiye kijana aliyempokea Yoshida ushotistopu pale Tigers mwishoni mwa miaka ya 1960, mzee akasogea besi ya pili kumaliza siku zake. Alitundika njumu mwaka 1969.

Homrani 66 ni chache, sawa. Lakini umezilinganisha na za Oh, ambaye alicheza besi ya kwanza kwa Giants wa Tokyo. Ni kama kumlinganisha kipa na mshambuliaji kwa mabao. Kama unataka kumlinganisha na mtu, mlinganishe na Tatsuro Hirooka.

Hirooka alikuwa shotistopu wa Giants, mrefu kama mlingoti, msomi wa Waseda. Aliingia ligi mwaka 1954, akapiga .314 na kuwa mchezaji bora chipukizi. Kila kitu chake kilikuwa cha kitabuni: miguu hapa, kiuno hapa, mpira katikati ya kifua. Tigers na Giants ni Osaka na Tokyo, na ukitaka kuelewa uhasama wake fikiria Simba na Yanga, kisha uwatenganishe kwa safari ya treni ya siku nzima. Kwa miaka kumi na zaidi kila kijiwe cha Japani kilikuwa na ubishi wa nani shotistopu bora. Mimi upande wangu umeshaujua. Hirooka alikuwa anaifanya kazi sawasawa. Yoshida alikuwa anaifanya mapema, na kwenye kazi ya sekunde moja mapema ni bora kuliko sawasawa. Wapo watakaonirukia kwa hili, na waje.

Wote wawili walikuwa sehemu ya usiku wa tarehe 25 Juni 1959, Mfalme Hirohito alipokwenda uwanja wa Korakuen kutazama Giants na Tigers. Iningi ya tisa, nne kwa nne. Minoru Murayama, kijana wa Tigers, akamrushia Shigeo Nagashima, na Nagashima akaupeleka mpira jukwaani upande wa kushoto, karibu kabisa na nguzo ya mpaka. Giants 5, Tigers 4. Murayama alikwenda kaburini akisema ule mpira ulitoka nje. Yoshida ndiye alikuwa namba sita wa Tigers usiku ule, na kwa mpira uliopita juu vile, uwe na mikono mepesi namna gani, unatazama tu kama watazamaji wengine.

Tigers walitwaa Ligi ya Central mara mbili wakati wake, 1962 na 1964. Ubingwa wa 1962 ndio ninaokutaka uutazame. Timu ile haikuwa na wapigaji wa kutisha. Ilikuwa na warushaji wawili, Masaaki Koyama aliyeshinda mechi 27 na Murayama aliyeshinda 25, na nyuma yao watu wanaoshika kila kinachotambaa. Mrushaji anayejua nyuma yake kuna Yoshida harushi kama mrushaji mwingine: anathubutu kurusha chini, anamruhusu mpigaji aguse, maana mguso wa chini ni mali ya namba sita. Hakuna safu ya kuandika hilo kwenye takwimu za Yoshida. Limeandikwa kwenye takwimu za Koyama na Murayama.

Fainali ya Japani, bingwa wa ligi moja dhidi ya bingwa wa nyingine, walishindwa zote mbili. Ile ya 1964 inauma zaidi: Nankai Hawks waliwafunga mechi nne kwa tatu, Mmarekani Joe Stanka akiwazima bila pointi mechi ya sita na ya saba, siku mbili mfululizo. Mechi ya saba ilichezwa tarehe 10 Oktoba 1964, jioni ya siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa Tokyo. Nchi nzima ilikuwa inatazama kwingine.

Naweza kuishia hapo, lakini uliuliza kwa nini jezi imestaafishwa, na jibu lina sehemu ya pili.

Yoshida aliifundisha Tigers mara tatu. Ya kwanza, 1975 hadi 1977, ilikuwa ya kawaida na yenye migogoro. Ya pili ilianza 1985. Watu wakitaja 1985 wanataja magongo: Randy Bass wa Marekani na homrani zake 54, timu nzima homrani 219, na jioni moja ya Aprili pale Koshien ambapo Bass, Masayuki Kakefu na Akinobu Okada walipiga mpira jukwaani mmoja baada ya mwingine dhidi ya Giants. Mashabiki waliruka kwenye mto wa Dotonbori, wakatupa na sanamu ya mzee wa kuku wa KFC kwa sababu ana ndevu kama Bass.

Wewe angalia alichokifanya Yoshida kabla ya hayo yote. Alimchukua Okada toka uwanja wa nje akamrudisha besi ya pili. Akinobu Mayumi aliyekuwa hapo akamsukuma nje, kulia. Shotistopu akamwacha Katsuo Hirata, mtu wa glavu hasa. Akaamuru watu wapige banti za kujitoa mhanga (unaugusa mpira taratibu, unatolewa wewe ili mwenzako asogee besi) mpaka ikawa rekodi ya ligi. Yaani mzee alirithi timu ya ngurumo, akaanza kwa kukarabati ukuta. Okada mwaka huo alipata tuzo ya glavu bora ya besi ya pili. Katikati ya msimu, tarehe 12 Agosti, rais wa klabu alikuwa miongoni mwa watu 520 waliokufa kwenye ajali ya ndege ya Japan Airlines, na timu ikaendelea na safari ikiwa na msiba ndani.

Fainali wakakutana na Seibu Lions. Meneja wa Seibu? Tatsuro Hirooka, aliyekwisha kutwaa ubingwa wa Japani na timu mbili tofauti. Wale shotistopu wawili wa vijiweni, sasa wana mvi, kila mmoja kwenye benchi lake. Tigers walishinda mechi nne kwa mbili, tarehe 2 Novemba, ubingwa wa kwanza wa Japani katika historia ya klabu tangu ligi igawanywe. Miaka miwili baadaye walishika mkia na Yoshida akaondoka. Osaka ndivyo ilivyo.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: akaenda Ufaransa. Miaka ya mwanzo ya 1990 aliishi Paris akiifundisha timu ya taifa, katika nchi ambayo besiboli inajulikana kama inavyojulikana Mbagala. Aliporudi nyumbani mashabiki wakambandika jina la Musshu, yaani Mesye kwa matamshi ya Kijapani, na Wafaransa wakayapa mashindano yao jina lake. Tigers wakamwita mara ya tatu, 1997 na 1998. Wa tano, kisha wa mwisho. Hiyo tuiache.

Alifariki tarehe 3 Februari 2025, akiwa na miaka 91. Aliwahi kuona ubingwa wa pili wa Japani wa klabu yake, mwaka 2023, miaka 38 baada ya ule wake. Meneja safari hii alikuwa Okada, na moja ya mambo aliyoanza nayo Okada ilikuwa kumtoa Takumu Nakano ushotistopu na kumpeleka besi ya pili. Bila shaka umeona alikojifunzia.

Sasa kuhusu wewe. Kocha amekutoa mahali pa urefu akakupeleka mahali pa miguu na mikono. Maana yake amekutazama. Mwombe akupigie mipira ya chini 50 kila siku, 20 kati ya hizo bila glavu, na mpira laini. Ukiwa peke yako tumia ukuta: simama mita nne, rusha chini kwenye ukuta, upokee unaorudi kwa mikono miwili, mkono wa kulia ukae kando ya glavu na sio mgongoni, na uhesabu kwa sauti toka mpira unapogusa ngozi mpaka unapokuwa kwenye vidole tayari. Ukiweza kutamka "moja" yote, umechelewa. Ukuta wa darasa unafaa, ila chagua upande usio na madirisha, na mwambie mwalimu wa zamu kabla hujaanza, si baada.